Marahaba Isiyokatika

Jumanne, 8 Aprili

Daftari hili kanipa sista Avelina, mtaalamu wa mazoezi hospitalini huku Temeke. Kasema niandike kila siku dakika nilizotembea na namba ya uchovu, basi. Lakini daftari lina kurasa themanini, na dakika peke yake haziwezi kujaza kurasa themanini, kwa hiyo nitaandika na mengine. Kuandika najua. Nilisoma kisomo cha watu wazima palepale bandarini, na katika makuli thelathini nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa karani aliyejichanganya na sie.

Mie ni Mfaume wa Kiwalani. Bandarini walikuwa wakiniita Kreni. Gunia la korosho lilikuwa linakaa bega moja, na mkono wa pili nashika sigara. Miaka thelathini na mbili mizigo haikuniangusha. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaangushwa nikiwa nimekaa kitako kwenye mkeka, nasubiri chai. Aibu yake ndiyo hiyo. Moyo ulibana kama mtu kaukalia, jasho likanitoka, nikapelekwa hospitali. Wakapitisha waya kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, wakauzibua mshipa ulioziba. Namshukuru Mungu na namshukuru aliyeubuni ule waya.

Kabla ya kuniruhusu, daktari akaniambia moyo wangu umechoka. Sasa kitu kilichochoka si kinapumzishwa? Tukaupumzisha. Miezi miwili na nusu natoka kitandani naenda kwenye kiti, natoka kwenye kiti naenda kitandani. Mke wangu Mwanaheri hakuniachia ninyanyue hata birika. Mpira ukitangazwa redioni anazima, halafu kesho yake ananipa matokeo polepole, kama anayeleta habari ya msiba. Na mie nikazidi kuchoka. Kufika chooni uani nikawa napumzika njiani.

Binti yetu ni mmoja tu, Najat, msimamizi wa hoteli huko Mbezi Beach. Anataka tuhamie kwake na nyumba ya Kiwalani tuwaachie wapangaji. Kasema, "Baba, ukianguka tena pale, gari haliingii uchochoroni." Hilo ni kweli, haliingii. Lakini ile nyumba tofali zake nimezifyatua mwenyewe. Huko Mbezi Beach nitakaa kibarazani naangalia geti.

Leo wamenipima. Korido ya hospitali, wameweka alama huku na huku, unatembea dakika sita wanahesabu mita. Nimepata mia mbili na kumi, na nimesimama mara mbili. Niliwaambia nimesimama kuangalia picha ukutani. Ukutani hapakuwa na picha.

Najat akasema mbele ya sista Avelina, "Baba, mazoezi ni wiki kumi na mbili. Mwishoni ukifika mita mia nne, habari ya kuhama sisemi tena. Usipofika, tunahama bila maneno."

Nikamwambia, "Andika."

Sista Avelina kasema mia nne ni nyingi, lakini wapo waliofika. Kisha akanionyesha namba. Sita ni mtu aliyekaa tu. Ishirini ni mtu asiyeweza tena. Yeye anataka nitembee kwenye kumi na moja mpaka kumi na tatu. Akaniuliza, "Hapo ulipo namba ngapi, mzee wangu?" Nikamwambia saba.


Alhamisi, 10 Aprili

Darasa ni Jumanne na Alhamisi. Tuko wanane, wote mioyo imewahi kutusaliti. Mmoja ni Mwalimu Fransis, mstaafu wa Kinondoni, mtu wa Bukoba, amepasuliwa kifua chote. Anavaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi za kufika magotini, na kila kitu anataka kukijua zaidi.

Wanatupima presha kwanza. Kisha baiskeli isiyokwenda popote, kisha kukaa na kunyanyuka kwenye kiti, kisha kutembea. Nilimuuliza sista Avelina swali langu mbele ya wote. Daktari kasema moyo umechoka, wewe unautembeza. Nani muongo?

Hakukasirika. Akaniuliza, "Mzee Mfaume, umewahi kuvunjika mguu?"

Nimewahi, mwaka sabini na tisa, kasha liliteleza.

"Ulipofunguliwa POP, ile plasta ngumu, mguu ulikuwaje?"

Ulikuwa mwembamba kama mwiko. Nikashindwa kuukanyagia.

"Ukaulaza tena?"

Sikuulaza. Niliutembeza kidogokidogo mpaka nikarudi kazini. Akasema moyo nao ni nyama kama ile, ukiulaza unanywea, ukiutembeza kwa kipimo unapata nguvu. Akasema watu wanaofanya mazoezi haya hawarudi hospitali ovyo kama wanaojilaza, na pumzi zao zinarefuka. Mwalimu Fransis akaafiki kwa kichwa utadhani ni yeye aliyefundisha.

Namba, saba.


Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Sikutembea.


Jumamosi, 12 Aprili

Dakika arobaini. Namba saba.


Jumapili, 13 Aprili

Dakika arobaini. Namba saba. Mwanaheri anasema nimerudi mapema. Nimemwambia nina mwendo wa kasi.


Jumanne, 15 Aprili

Leo nimefundishwa jambo ambalo kwa kweli limenipendeza. Sista Avelina kasema saa na mashine vyote vinaweza kukosekana, lakini mtu mzima wa Dar hawezi kutembea hatua hamsini bila kusalimiwa. Basi salamu ndiyo kipimo. Akiniamkia mtu shikamoo, nikaweza kuitikia marahaba na kumuuliza hali yake na ya watoto bila kukata, mwendo ni mzuri. Nikiweza kuimba kaswida nzima, natembea kama bi harusi, niongeze. Nikishindwa kuimaliza marahaba yenyewe, nimepitiliza, nipunguze palepale.

Mwalimu Fransis akauliza, "Na kwetu sisi Wakristo wa Kinondoni tusioamkiwa sana?"

Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo si dini. Wewe huamkiwi kwa sababu ya hizo soksi."

Darasa zima likacheka, hata mama mmoja ambaye tangu tuanze hajacheka. Mwalimu naye akacheka, akashika kifua chake kwa mikono miwili, maana mfupa bado unamuuma akicheka. Nikaona haya kidogo.


Jumamosi, 19 Aprili

Mvua siku ya tatu. Uchochoro wote matope, na mtaro umejaa mpaka mlangoni kwa jirani. Nimetembea ndani, kwenye korido ya nyumba, kutoka mlango wa mbele mpaka uani na kurudi. Hatua kumi na tisa. Wapangaji wako vyumba vya kulia na kushoto.

Mpangaji wetu mmoja ni Jenipher, binti wa Mbeya, anakaanga mihogo kwenye njia ya kwenda kwenye reli. Leo mvua imemkatisha, kakaa mlangoni kwake anamenya. Nikipita, "Shikamoo baba mwenye nyumba." Nikirudi, "Shikamoo baba mwenye nyumba."

Nikamwambia, "Umeshaniamkia mara sita."

"Mama kaniambia ndiyo dawa yako. Au nisikupe dawa?"

Mwanaheri alikuwa jikoni, nikamsikia anacheka kwa pua. Sikujua kama anafuatilia haya mambo.

Dakika ishirini na tano. Namba saba.


Alhamisi, 24 Aprili

Leo somo la kukaa darasani. Sista Avelina kaeleza chumvi, sigara, vidonge, na kile kidogo cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, kwamba kisiachwe nyumbani. Kisha akasema mwenye swali aulize. Mwalimu Fransis akanyoosha mkono, akauliza kwa Kiingereza, swali refu, anaangalia sakafu.

Sista Avelina akajibu kwa Kiswahili, na sauti hakuishusha. "Mwalimu anauliza mambo ya ndani na mama nyumbani. Ukiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama na bila kifua kubana, ruhusa."

Wanaume wote tukaangalia dirishani. Hakuna aliyesema ahsante, lakini kila mtu alishukuru.


Jumapili, 27 Aprili

Nimepanda ngazi za msikiti mpaka ghorofa ya pili. Nimesimama mara moja.


Jumapili, 4 Mei

Nimepanda tena. Sikusimama. Sina la kuongeza.


Alhamisi, 8 Mei

Mwalimu Fransis leo kafungua daftari lake mbele yangu. Kaandika kwa mstari, dakika kumi na nane, dakika kumi na tisa, dakika ishirini, namba kumi na mbili, namba kumi na tatu. Nikamwambia mie ni arobaini kila siku, nyumbani mpaka kwenye reli na kurudi. Akaniangalia kwa miwani.

"Arobaini?"

"Namba saba."

"Bwana Mfaume, hiyo njia nataka kuiona. Jumamosi nakuja."

Nikamwambia karibu. Ningesema nini?


Jumatatu, 12 Mei

Jumamosi sikuandika, naandika leo.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alifika na soksi zake. Mwanaheri kampa chai, wakaongea habari za wajukuu. Mvua ilikuwa imekatika, njia imekauka juu, chini tope. Tukaondoka. Mie nikatangulia. Nilitaka nimwache nyuma mapema ili nikifika kwenye reli nimsubiri nikiwa nimekaa, nipumue kabla hajafika. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu.

Mwalimu hakuachwa. Anakwenda mdogomdogo kama saa ya ukutani, anaamkiwa, anaitikia, anauliza watoto, na bado yuko nyuma yangu hatua tano. Kiwalani nzima ilimwamkia. Nikaongeza mwendo. Kifua kikaanza kubana kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Nikasema hiyo ni chai.

Pale Jenipher anapokaangia mihogo, akaniambia, "Shikamoo baba mwenye nyumba."

Nikainua mkono tu.

Alinyanyuka. Karai la mafuta liko motoni, mihogo imo ndani, wateja wamesimama, akaviacha. Akanikimbilia, akasimama mbele yangu, akaniamkia mara ya pili, anaangalia mdomo wangu. Nilitaka kusema marahaba. Ilitoka "ma", ikaishia hapo.

Akageuka akapiga kelele, "Mama, kidonge! Baba hajaitikia!" Ukelele ukapokelewa mlango kwa mlango mpaka kwetu, maana kidonge nilikiacha nyumbani.

Nilimwambia, kwa neno mojamoja, "Niko sawa. Namba saba." Ndiyo, nilisema hivyo, nikiwa nimepiga goti kwenye tope.

Mwalimu Fransis alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Naye ni mgonjwa, nilimtisha mgonjwa mwenzangu. Mwanaheri alifika anakimbia, mke wangu mwenye magoti mabovu, kilemba kimemwanguka njiani hakukiokota. Akaniwekea kidonge chini ya ulimi. Bajaji ilikuwa haiwezi kuingia, kama Najat alivyosema. Wakaleta mkokoteni wa muuza maji, wakashusha madumu, wakanipandisha mie. Mie Kreni. Nikapelekwa barabara kuu kama mkungu wa ndizi, na watu njia nzima wanasema pole mzee, pole mzee, na siwezi kuwaitikia.

Hospitali walinilaza siku moja. Wakapima damu, wakapima moyo kwa nyaya. Mshipa haujaziba tena. Nimepitiliza tu. Nimeamka leo nyumbani kwangu, na Mwanaheri kalala kwenye kiti karibu yangu na nguo za juzi. Mungu amenipa siku nyingine na sikuwa nimeiomba kwa adabu.

Jenipher kapoteza mihogo yote, iliungua. Nimemwambia Mwanaheri mtaji mpya autoe kwenye sanduku langu. Jenipher kakataa, kasema, "Baba mwenye nyumba hajawahi kuninyima marahaba. Ningekaaje?"


Jumanne, 13 Mei

Nilikwenda darasani bila kufanya mazoezi, nimeambiwa nikae tu. Najat alitupeleka kwa gari, mie na Mwanaheri. Mlangoni Najat akamwambia sista Avelina, "Dada, naona tuishie hapa. Mazoezi yenyewe yanamuua. Jumamosi nakuja na gari la mizigo."

Sista Avelina akaniangalia. "Mzee wangu, Jumamosi ulitembea dakika ngapi?"

Daftari hili lilikuwa mkononi mwake, wazi, na arobaini zangu zimejipanga humo.

Nikamwambia tisa.

"Na siku zote hizi?"

Kumi na mbili. Siku nzuri kumi na tano. Zilizobaki nakaa kwenye benchi la duka karibu na reli, nahesabu mpaka nichoke, nyumbani naandika arobaini.

"Na saba?"

Nikamwambia saba ni namba niliyoipenda tu. Kweli yake ilikuwa kumi na tano, kumi na sita, na ile ya Jumamosi ilikuwa kumi na tisa.

Akavuta kiti akakaa. Akasema, "Ukiniambia saba, mie naona mzigo wako mdogo, naongeza. Kila wiki nilikuwa nakuongezea juu ya namba hii. Hukunidanganya mimi, nilikuwa nakupakia wewe."

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nikawasimulia wote wawili, maana Najat hakuwahi kuisikia. Mwaka themanini na tatu lilishuka kasha limeandikwa ubavuni tani mbili. Ndani zilikuwa zaidi ya tatu. Mtu huko lilikotoka aliandika ndogo, sijui kwa sababu gani. Kreni iliamini maandishi. Minyororo ikakatika juu ya vichwa vyetu, na nyampara wetu Wilbert, aliyenifundisha kubeba, alikuwa chini yake. Miaka yote nimemlaani yule aliyeandika tani mbili. Na mie nimejiandika saba ubavuni.

Najat aligeuza uso. Sista Avelina akalifunga daftari, akanirudishia.

Kisha aliyesema ni Mwanaheri. Alikuwa kakaa nyuma ya mlango na mkoba wake, nilidhani anasinzia. "Najat, mwache baba yako amalize wiki zake. Na mie nitatembea naye. Mkiona hafai, mtatuhamisha wote wawili."

"Mama, na magoti yako?"

"Magoti yangu yamekaa miezi minne yanamsikiliza huyu anavyopumua. Yamechoka kukaa."

Miaka arobaini na sita nimeoa nikijua mke wangu ni mtu wa woga. Kumbe alikuwa anaogopa kwa ajili yangu, na huo si woga.

Nimerudi nyuma kwenye daftari. Kila palipoandikwa arobaini nimepiga mstari. Sikufuta, nimepiga mstari ili paonekane.


Jumanne, 20 Mei

Dakika kumi, na mke wangu. Namba kumi na mbili. Ni kweli.


Alhamisi, 22 Mei

Mwalimu Fransis kaniletea senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao Bukoba, kwenye kopo. Nimemwomba radhi kwa kumtisha. Akasema, "Bwana Mfaume, mie niliogopa hata kabla ya siku ile. Tangu nipasuliwe naogopa kila hatua. Siku ile nilifika karibu na reli yenu bila kukumbuka kuogopa. Kwa hiyo tumelipana." Kaniambia siku hizi analala mpaka asubuhi. Zamani alikuwa akishtuka kila saa kusikiliza kama moyo unakwenda.

Mie nilimdhania mtu wa kujionyesha. Daftari lake lilikuwa la kweli tu, ndiyo maana liliniudhi.

Senene sijala. Jenipher kawala, kasema watamu.


Jumapili, 25 Mei

Dakika kumi na sita. Namba kumi na mbili. Mwanaheri anatembea upande wa kulia, anasema sikio lake la kushoto ndilo zuri, anisikie. Watu wakimwamkia yeye anaitikia, wakiniamkia mie ananyamaza anasikiliza marahaba yangu mpaka mwisho, kama fundi anayesikiliza injini.

Nilimuuliza, "Mama Najat, huo si uchunguzi wa polisi?"

"Maliza kwanza, watoto wao hujawauliza."


Jumatano, 4 Juni

Dakika ishirini na mbili. Kumi na tatu. Nimebeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka jikoni, nusu, si kamili. Mwanaheri kaona. Kanipa birika nimimine chai mwenyewe.


Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimekwenda kuswali kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mbuzi kachinjwa, nimekula kidogo na chumvi sikuongeza. Najat kaja na pilau lake. Redio ilikuwa inatangaza mpira na hakuna aliyeizima.


Alhamisi, 12 Juni

Presha yangu imeshuka mpaka daktari kapunguza kidonge kimoja. Magoti ya Mwanaheri hayalii tena akiinuka. Hakuandikishwa darasani wala hakupewa daftari, kapona bure.

Dakika ishirini na saba. Kumi na tatu.


Jumanne, 24 Juni

Leo wamenipima. Korido ileile, alama zilezile, na ukutani bado hawajaweka picha.

Najat alisimama mwisho wa korido na simu anahesabu mizunguko. Mwanaheri kwenye benchi. Mwalimu Fransis alikuwa ameshapimwa, kapata mia tatu na arobaini, anafurahi kama kapewa shamba. Sista Avelina akasema anza.

Sikutangulia kwa haraka. Nilikwenda kama Mwalimu, kama saa ya ukutani. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, sijasimama, na sikuwa natafuta picha. Dakika ya nne miguu ikawa mitamu. Ukiwa umebeba maisha yako yote unajua ile hali, mzigo ukishakaa sawasawa begani unajiendesha wenyewe. Ya tano inaisha, nikasikia Najat anasema kwa sauti ndogo, "Mia tatu na ishirini."

Nikapiga hesabu. Imebaki dakika moja, mita themanini. Nikiongeza mwendo nafika. Nikaongeza. Nikaona uso wa Najat unabadilika, kaona ninavyofanya. Miguu ilikuwepo, naapa. Mia nne niliiona pale mbele, karibu na mlango wa maabara.

Sista Avelina alikuwa anatembea pembeni yangu. Akasema taratibu, "Shikamoo, mzee Mfaume."

Nikaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo? Na wa..."

Neno watoto likakatika. Katikati. Lilikatika kidogo tu, angeweza kulisikia yeye na mie, na Mwanaheri kwenye benchi, ambaye aliinua kichwa.

Nikapunguza. Hakuna aliyeniambia. Nikapumua hatua tatu, nne, kisha nikarudia toka mwanzo, "Marahaba, mwanangu, hujambo, na watoto hawajambo wote?" Ilitoka nzima. Akanijibu hawajambo, wanakusalimia. Nikaendelea na mwendo huo mpaka akasema basi.

"Kumi na tatu," nikamwambia kabla hajaniuliza.

Mita mia tatu na themanini na tatu.

Najat alikuja na simu yake mkononi. "Baba, umepungukiwa mita kumi na saba."

"Kuhesabu najua."

"Ungezifikia. Nilikuwa nakuona. Ungezifikia."

"Ningezifikia."

"Sasa kwa nini ulipunguza?"

Nikamwambia, "Nimesalimiwa."

Akasimama pale. Midomo ilikuwa inamcheza kama alipokuwa mdogo akikatazwa kulia. Akamwangalia mama yake, akaniangalia mie, akakaa kwenye benchi, akaweka simu kwenye mkoba. Kisha akasema, "Mie sikuwa naogopa uchochoro, baba. Nilikuwa naogopa utakufa unaniambia namba saba." Akajifuta macho kwa kitambaa cha mama yake. "Basi kaeni Kiwalani."

Mwalimu Fransis akapiga makofi. Nikamwambia hapa hospitali.

Sista Avelina nilimpa mkono wa shukrani, na maneno yote niliyoyapanga yakapotea, mie nisiyekosa maneno. Nikamwambia tu bandarini angekuwa nyampara mzuri. Sijui kama alielewa kwamba sina sifa kubwa kuliko hiyo.


Jumanne, 1 Julai

Darasa limeisha, lakini dakika hazijaisha, na kurasa zimebaki ishirini na sita.

Leo mvua hakuna, upepo wa kusi, njia kavu. Nyumbani mpaka kwenye reli na kurudi, na Mwanaheri. Benchi la duka lile tumelipita, limekaliwa na mzee mwingine ambaye daktari kamwambia moyo wake umechoka. Nimemwambia kesho avae viatu.

Dakika thelathini na moja. Namba kumi na tatu. Marahaba kumi na tisa. Moja ilikatika, kwa Jenipher, nikapunguza, nikarudi kuimalizia.